Sista wa Mzee Winchi

Mtaani walimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi, na waliendelea kumwita hivyo hata baada ya kunyang'anywa leseni. Hawakuwa na nia mbaya. Jina likishamkaa mtu ni kama rangi ya mlango: nyumba yaweza kubadilisha wenyewe mara kadhaa na bado watu wakaelekezana "pale kwenye mlango wa kijani." Yeye hakuwakataza. Aliitika, akasalimia, akapita.

Alikaa na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, vitambaa na wateja. Cha nyuma kilikuwa cha vitanda viwili na kabati moja ambalo mlango wake haufungi mpaka uuinue kidogo. Huyo mdogo mtu alikuwa na mdomo. Mteja akija kulalamika kwamba gauni linambana, anamwambia gauni halijala kitu tangu juzi, sasa tuulizane nani amekula. Zamani Sista alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Miaka hii ninayoisimulia alikuwa akitabasamu tu, kwa adabu, kama mgeni asiyeielewa lugha vizuri.

Kilichompata kilimpata mchana, wodi ya wanawake, kwenye zamu ambayo haikuwa na kisingizio chochote. Hakuwa amechoka kupita kiasi. Mwanga ulikuwepo. Hakuna aliyekuwa akimharakisha. Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mama mtu mzima mwenye moyo mbovu, ambaye Sista alikuwa amemhudumia mpaka wakazoeana. Alitakiwa kusafisha mpira wa dripu yake kwa maji ya chumvi. Akachukua kichupa, akakivunja shingo, akavuta, akasukuma. Kile kichupa hakikuwa cha maji ya chumvi. Kilikuwa cha dawa ambayo huchanganywa kwenye dripu kubwa ili iingie mwilini polepole. Ikiingia kwa mkupuo, moyo unasimama. Vichupa vilifanana umbo na mtu alikuwa ameviweka trei moja. Lakini maandishi yake hayakufanana, na kusoma Sista alijua.

Yule mama alikata roho kabla daktari hajafika kitandani. Kila mtu wodini angeamini kwamba moyo wake mbovu ndio umefika mwisho wa safari. Sista akaokota kichupa kitupu, akakisoma, akakisoma tena, kisha akamwambia daktari mbele ya waliokuwepo: "Ni mimi. Nimempa dawa siyo."

Yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda. Aliitwa, akahojiwa, akajibu kila alichoulizwa bila kuongeza wala kupunguza. Mume wa marehemu alikuja siku ya uamuzi, akakaa kiti cha mwisho, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka. Leseni ikaenda. Watu wa kanisani walikuja nyumbani kumpa pole, wakamwambia kuteleza si kuanguka. Sista aliwashukuru. Moyoni aliona kwamba wamesema kweli: yeye aliteleza, na aliyeanguka ni mwingine.

Alisubiri machozi. Alidhani yatakuja siku ya mazishi, ambayo hakuthubutu kwenda. Hayakuja. Akadhani yatakuja siku ya kurudisha sare, nayo ikapita kavu. Baadaye akaacha kusubiri. Ilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona ni wako, unaugusa, na hausikii kitu. Ganzi ile ilimpanda mpaka mdomoni, chakula kikawa kitu cha kutafuna. Kanisani alikwenda, maana mdogo wake asingemwacha alale, lakini alikaa benchi la nyuma kabisa jirani na mlango, na kabla ya baraka alikuwa ameshatoka. Meza ya Bwana hakuikaribia. Mchungaji alimuuliza mara moja tu. Alijibu kwamba hana ugomvi na Mungu, ila hana la kumwambia.

Akapata kazi kwa dobi, kupiga pasi. Mwenye duka alimpa meza ya ndani, mbali na wateja, na wenzake wakambatiza Mama Pasi. Jina hilo alilipenda kidogo. Shati ukilikunja vibaya unalikunjua, unalirudia. Hakuna shati lililowahi kumfia mtu.

Basi siku moja mchungaji akaingia pale dobi, hana nguo mkononi. Alisimama kando ya meza ya pasi akitafuta pa kuanzia. Alisema mume wa yule mama ni mgonjwa. Kisukari kimemla macho, haoni ila vya karibu, kimempa kidonda mguuni kisichotaka kufunga, na anahitaji sindano kila asubuhi. Wasaidizi watatu wameshamkimbia, maana mdomo wake si wa mchezo. Mzee huyo maisha yake yote aliendesha winchi kwenye bohari la vyuma, akawa anapiga kelele kutoka juu ili walio chini wasikie, na alipostaafu sauti haikustaafu naye. Ndiyo maana wakamwita Mzee Winchi. Sasa ametuma ujumbe.

"Amesema anakutaka wewe," mchungaji akasema. "Nimemwambia si wazo zuri. Na wewe nakwambia, si wazo zuri. Lakini nimetumwa."

Sista alisema hapana. Mchungaji akashusha pumzi, akashukuru, akaenda zake, na ilionekana wazi kwamba amefurahi.

Siku chache baadaye teksi ikasimama mbele ya duka la dobi. Akashushwa mzee mrefu, mguu mmoja umefungwa bandeji, akaingia kwa kupapasa na kukaa kwenye benchi la wateja. Akasema, kwa sauti iliyowafanya wapita njia wageuke, kwamba hajaleta nguo, amemfuata mtu. Mwenye duka akaenda ndani kumwita Sista. Alikuja akiwa bado na kitambaa cha kupozea pasi mkononi. Hakukaa.

"Sista, unanijua," akasema mzee.

"Nakujua, mzee. Lakini mimi si sista tena."

"Sikuulizia cheo." Akaunyoosha mguu wenye bandeji. "Walionihudumia, hakuna aliyekuwa na hofu. Mmoja alikuwa anavuta dawa huku anaongea na simu. Wewe utakisoma kile kichupa mara mbili mpaka siku unaingia kaburini. Nataka mtu mwenye hofu."

Sista alimwambia asifanye hivyo. Akamwambia yako mambo ya kukumbushana na yako mambo ya kuyaacha, na mikono hii imemuua mtu.

"Najua ni nani," mzee akasema. "Nililala naye kitanda kimoja miaka yote ile. Hilo huna haja ya kunifundisha."

Mashine ya kufulia ilikuwa imemaliza mzunguko. Ndipo Sista akauliza lile ambalo hajawahi kumuuliza mtu yeyote, na aliliuliza kama anauliza bei: "Umenisamehe?"

Mzee alifikiri. "Sijui. Nimeamua tu. Moyo bado uko nyuma, unaburuta mguu kama mimi. Sitaki kuusubiri, sina umri wa kusubiri."

Alikwenda. Watu wamemuuliza mara nyingi kwa nini, na hajawahi kuwa na jibu la kueleweka. Hakuguswa. Hakusikia sauti. Mdogo wake ana maelezo yake: anasema dada yake alikwenda kwa sababu ameagizwa, na tangu siku ile ya wodini hakuna mtu aliyewahi kumwagiza jambo kubwa kuliko kola.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya vyumba vitatu na sebule yenye kiti kimoja cha mbao ambacho mikono yake imelainika kwa kushikwa. Redio ilifungwa kwa mpira ili betri zisichomoke. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu, mdomo umekazwa kama mtu aliyeambiwa acheke na amekataa. Kwenye mlango wa sebule, asubuhi ile ya kwanza, alisimama binti wa mzee, mwalimu wa hesabu, mikono kifuani. Alikuwa mtoto pekee, hajaolewa, na tangu mama yake afe alikuwa yeye na baba yake tu. Alikuwa amemwambia baba yake kila kitu kinachoweza kusemwa kuhusu mpango huu, na baba yake alikuwa amemjibu kwa kuongeza sauti ya redio.

"Soma kwa sauti," alimwambia Sista.

Sista akasoma jina la dawa kwenye kichupa. Akasoma kipimo. Akavuta, akainua bomba la sindano kwenye mwanga, akasoma tena. Mzee alikuwa ameshapandisha shati, tumbo wazi, uso ameugeuzia dirishani kama mtu anayesubiri kinyozi amalize. Hakuangalia sindano wala mkono ulioishika. Sista akamchoma. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililomtia hofu, kwamba mkono unaweza kufanya vile na ndani asisikie kitu.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi mwalimu anasimama mlangoni, kila asubuhi Sista anasoma kwa sauti, kisha mwalimu anachukua mkoba wake wa madaftari na kwenda shule bila kuaga. Sista anabaki kuosha kidonda, kubadilisha bandeji, kupika, na kuzozana na mzee kuhusu sukari. Mzee alidai kwamba chai isiyo na sukari ni maji yaliyopigwa rangi na kwamba yeye hakufanya kazi ili azeeke akinywa rangi. Sista alimjibu kwamba rangi ile imelipiwa, anywe. Alipolisema aligundua kuwa ni mzaha, na kwamba ulikuwa wake, si wa mdogo wake. Mzee alicheka. Yeye alienda kuosha vikombe.

Kabla ya chai mzee aliomba. Maombi yake yalikuwa makavu kama taarifa ya kazi. Alimtajia Mungu mguu, macho, binti yake ambaye ana kichwa kigumu kama mama yake, jirani anayechoma taka upande wa upepo. Mwishoni kabisa alikuwa anasema, "Na huyu hapa." Hakuongeza kitu. Sista alikuwa anasimama jikoni na sufuria mkononi, anasubiri amina ili alete chai.

Siku moja wakati anamfunga bandeji, mzee akauliza, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini: "Alisema nini mwishoni?"

Sista alijua anamsema nani. Akaendelea kuzungusha bandeji mpaka mwisho, akaibana.

"Aliomba nivute pazia. Jua lilikuwa linampiga usoni."

"Halafu?"

"Nikavuta. Akasema, hapo sawa."

Tumbo la mzee likaanza kutikisika, na Sista akadhani analia, kumbe anacheka, ingawa mashavu yalikuwa yamelowa vilevile. Akasema ndoa yao nzima waligombania pazia, yeye akitaka mwanga na mama akitaka kivuli. Wamewahi kununiana kwa ajili ya pazia mpaka mtoto akawa mpeleka habari kati ya chumba na sebule. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Ulilivuta lote?"

"Lote."

"Vizuri," akasema mzee. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho walipoongea habari za siku ile.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalilainika, lakini sivyo yalivyokwenda. Sista aliendelea kuamka, kwenda, kusoma kwa sauti, kurudi. Mdogo wake alimuuliza kama angalau amepata nafuu. Alijibu kwamba hajui nafuu inafananaje, labda aelezwe.

Halafu ikaja asubuhi ya bomba. Mwalimu alikuwa ameondoka mapema kusimamia mtihani, kwa hiyo mlango wa sebule ulikuwa mtupu. Sista alisoma kwa sauti hata hivyo, akavuta dawa. Wakati huohuo bomba la jikoni likapasuka, maji yakaruka mpaka darini. Alikimbia, akahangaika na koki iliyoshika kutu, akalowa kichwa hadi miguu, akaifunga. Aliporudi sebuleni trei ya sindano ilikuwa tupu. Kwenye kopo la sindano zilizotumika kulijaa sindano za siku nyingine, na moja zaidi au moja pungufu haiwezi kujulikana. Hakukumbuka kama alimchoma mzee kabla ya kukimbia, au alikimbia na sindano mkononi ikapotelea majini.

Akamuuliza mzee. Mzee alikuwa akisinzia. "Sijui mwanangu. Unanichoma kila siku. Siku zote zinafanana."

Alisimama pale sakafuni, maji yanamchuruzika. Akirudia na kumbe ameshamchoma, sukari itashuka na mzee anaweza kuzimia asiamke. Akiacha na kunyamaza, pengine itapanda siku moja tu, na hakuna atakayejua. Mwalimu hakuwepo. Hata mzee mwenyewe ameshasahau kwamba ameulizwa. Sista akampa mzee kifungua kinywa chake, kisha akachukua simu, akampigia mwalimu shuleni.

"Sikumbuki kama nimemchoma mzee au bado," akasema. "Sijarudia. Amekula. Naanza kumpima sasa hivi."

Mwalimu alifika na chaki bado vidoleni. Hakupiga kelele. Alivuta kiti upande mmoja wa mzee, Sista akakaa upande wa pili, wakawa wanamtoboa kidole na kusoma kipimo cha sukari, wanasubiri, wanamtoboa tena. Mzee aliona ni heshima ya ajabu kukaliwa na wanawake wawili wasiozozana. Akauliza kama hii ndiyo siku anayoweza kupewa sukari. Wote wawili walimjibu hapana kwa pamoja. Kufikia mchana vipimo vilikuwa vimeonyesha kushuka taratibu, kama vinavyoshuka siku zote baada ya sindano. Alikuwa amemchoma. Mkono ulifanya kazi yake, kichwa ndicho hakikuandika.

Sista alikwenda jikoni kukausha maji. Alipomaliza alikunja aproni yake na kuiweka kwenye mfuko wake wa kubebea, kama mtu asiyerudi tena. Mwalimu akamfuata, akasimama kando ya sinki.

"Siku ile nilikuwa mlangoni mwa wodi," akasema. "Nilikuwa nimemletea mama kanga safi. Nilikusikia ulivyomwambia daktari."

Sista hakujua hilo. Alimtazama.

"Nimekuchukia kwa kusema, si kwa kukosea. Ungenyamaza, tungemzika kama wanavyozikwa wenye moyo mbovu wengine. Tungelia, tukamaliza. Wewe ukatuachia hasira, na mimi sikuwa na pa kuiweka."

"Samahani," akasema Sista. Lilikuwa neno dogo na alilisikia likianguka bila kishindo.

"Na leo ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Mbona hukunyamaza?"

"Ningenyamaza, kesho ningeogopa kuja," akasema Sista.

Mwalimu alifungua koki bila kufikiri, akakumbuka kwamba maji yamefungwa, akaifunga. Alikuwa anataka kunawa chaki. "Njoo mapema kesho," akasema mwishowe. "Wanafunzi wana mtihani mwingine, na baba akikaa na njaa anaudhi." Akaitoa aproni kwenye mfuko wa Sista, akaitundika nyuma ya mlango mwenyewe. Na kuanzia kesho yake, mtihani uwepo au usiwepo, hakusimama tena kwenye mlango wa sebule.

Mguu wa mzee ulizidi, wakamkata chini ya goti. Alirudi kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, analalamika kwamba miaka yote alikuwa juu kabisa ya winchi na sasa anaona vifungo vya watu tu. Jumapili ilikuwa kazi ya Sista kumsukuma kanisani, kwa sababu mwalimu aliimba kwaya na alikaa na wenzake mbele. Ndivyo ilivyokuja ile Jumapili ambayo sisi tuliokuwepo bado tunaizungumza, ingawa hakuna kikubwa kilichotokea.

Ilikuwa Jumapili ya chakula cha Bwana. Sista alipanga kumfikisha mzee mbele, amwache, arudi benchi la nyuma. Lakini sakafu ya kanisa letu inateremka kuelekea mbele, fundi aliyeijenga alikuwa na haraka zake, na breki ya kile kiti ilikuwa imelegea tangu wiki ile. Alipotaka kuachia, kiti kikaanza safari. Mzee akamshika mkono wa gauni.

"Ukiniachia nitaingia chini ya meza," akasema, na kwa sauti yake ile kwaya nzima ilisikia.

Basi Sista akabaki, mikono miwili imeshika kiti, visigino amevikaza sakafuni. Mchungaji akaja na mkate. Akampa mzee. Akafika mbele ya Sista, akasimama. Sista akatikisa kichwa. Mchungaji akaitazama mikono yake, akaona kwamba haina nafasi ya kupokea wala ya kukataa. Huyu ndiye mchungaji aliyesema si wazo zuri. Pengine alilikumbuka hilo, sijui. Akauvunja mkate na kumtilia mdomoni, kama mama anavyomlisha mtoto. Baadaye akamshikia kikombe.

Alimeza. Mkate ukishafika mdomoni huna la kufanya zaidi ya kumeza. Akakaa mpaka baraka kwa sababu kiti kisingeweza kupanda kile kiteremko kabla watu hawajatoka njiani.

Nyumbani mdogo wake, ambaye aliona yote akiwa kwenye benchi la akina mama, hakuvumilia. Akamuuliza amesikia nini.

"Sikusikia kitu," akasema Sista. "Ulikuwa mkate."

Mdogo mtu aliuma uzi, akaukata. "Kwani ukimeza wali huwa unausikia ukigeuka damu?" akasema, akaendelea kushona.

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu neema, mengine marefu sana. Hilo la fundi cherehani ndilo lililonikaa. Tunadhani mtu hupewa nafasi ya pili akiwa amepiga magoti, moyo umevunjika, macho mekundu. Huyu alipewa akiwa amesimama, mikono imeshika kazi, ndani pakavu, na hakuwa ameomba. Aliyempa naye moyo wake ulikuwa haujafika. Bado chakula kilikuwa chakula.

Mzee Winchi alikufa mwaka uliofuata, asubuhi, kwenye kiti chake, redio ikiwa wazi. Alikuwa ameshachomwa sindano, ameshakunywa rangi yake. Sista aligundua alipokuja kuchukua kikombe. Alimpima mshipa wa shingo, akasubiri, akapima tena, kisha akampigia mwalimu. Walimvalisha wao wawili. Walikuwa wakipeana nguo, mmoja akiinua, mwingine akipitisha mkono. Kanisani Sista alielekea benchi la nyuma, na mwalimu akageuka kutoka mbele, akamwonyesha kwa kidole nafasi iliyo pembeni yake. Watu waliona. Sista akaenda akakaa. Hakulia siku hiyo pia, na mwalimu naye hakulia; walikaa pale kama abiria wawili waliofika mapema mno. Lakini waliporudi nyumbani, mwalimu alipika chai, akaweka sukari, na Sista akanywa vikombe viwili, na anasema cha pili alikisikia utamu.

Leseni hakurudishiwa, wala hakuiomba. Baada ya mazishi alirudi kwa dobi, na mchungaji akamfuata tena pale kwenye meza ya pasi, safari hii akijua pa kuanzia. Kanisani kulikuwa na wagonjwa waliolala majumbani, wanaohitaji mtu wa kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha. Sista alikubali kwa sharti moja: kila nyumba atakayoingia, kabla hajagusa mtu, atasema alichofanya. Mchungaji alisema hakuna anayedai hilo. Sista alisema anajua.

Amekuwa akifanya hivyo mpaka leo, mara baada ya kazi ya dobi. Wako waliomshukuru na kumwomba aondoke, na aliondoka bila kununa. Wako walioomba wakafikirie. Mwalimu humsindikiza siku ambazo hana vipindi. Hubeba ndoo, na hasemi yeye ni nani.

Juzi waliingia kwa bibi mmoja asiyeweza kujigeuza, mwenye vidonda vya mgongo na subira fupi. Sista alisimama karibu na kitanda, akaanza. Akaeleza zamu, kichupa, dawa, yule mama. Bibi alisikiliza macho amefumba.

"Umemaliza?" bibi akauliza.

"Nimemaliza, bibi."

"Basi nigeuze. Upande huu umeniua."

Sista akanawa mikono, akampa mwalimu ishara ashike shuka upande wa pili, wakamgeuza.